Fukwe zetu zinahitaji waokoaji, si matangazo ya marufuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie watoto wanaokufa maji kwenye fukwe zetu siku za sikukuu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Birmingham, Uingereza, na kazi yangu ni uuguzi. Kilichonifanya niandike ni likizo ya familia tuliyokwenda mwezi Agosti katika mji wa Tenby, pwani ya kusini-magharibi ya Wales. Nimekulia kando ya bahari, lakini mambo niliyoyaona kule, kwetu sikuwahi kuyaona.

Tenby una wakazi wasiofika 5,000, ila kiangazi kikiingia wageni hufurika hadi pa kutandika mkeka panakuwa pa kugombea. Mji umekaa juu ya mwamba, sehemu yake bado imezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 13, na nyumba zinazotazama bandari zimepakwa rangi ya waridi, njano, buluu na kijani. Kutoka Birmingham ni safari ya kutwa nzima kwa treni: unapita Swansea na Carmarthen, ukifika Whitland unaingia reli ndogo ya kwenda Pembroke Dock. Tulikodi karavani nje kidogo ya mji, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga.

Mama ni mtoto wa mvuvi wa Tongoni. Kusoma kwake aliishia madrasa na darasa la nne, lakini bahari anaijua. Usiku wa kwanza alitoka nje ya karavani, akatazama mwezi, akasema, "Mwezi mpevu huu. Kesho na keshokutwa ni bamvua. Mtaona maji yatakavyokwenda mbali." Mkwewe akamwambia, "Mama, huku si Tanga." Mama akamjibu, "Baba, mwezi ni huo huo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bamvua ni zile siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mbele ya ufuko mdogo wa katikati, unaoitwa Castle Beach, kuna kisiwa cha mwamba kiitwacho St Catherine's, na juu yake ngome iliyojengwa miaka ya 1860 Waingereza walipokuwa wakihofia kushambuliwa na Wafaransa. Maji yakijaa, kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote. Yakipwa, unakwenda kwa miguu juu ya mchanga. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Tenby wakati wa bamvua huzidi mita 7; kwetu Tanga haifiki hata 5. Tena kwetu maji ya bamvua hupwa asubuhi, kina mama wakashuka na vikapu kuokota kombe. Kule yalipwa mchana, jua likiwa utosini, watu wote wakiwa ufukweni.

Tukavuka pamoja na umati. Watoto walikuwa wamechutama kwenye vidimbwi vya mawe wakichokoa kaa, mara kijana mmoja mwenye fulana ya njano na kaptula nyekundu akaja akipiga filimbi na kutupungia turudi nchi kavu. Wengi hawakuelewa kwa nini, kwa sababu mbele yetu bahari ilikuwa bado mbali. Mama alikuwa ameshasimama, amekaza kanga yake kiunoni. "Msikilizeni huyo kijana. Maji ya bamvua hayaji kwa mbele, yanakuzungukia nyuma." Tulipofika ukingoni tukageuka kutazama: pale tulipopita na viatu mkononi palikuwa na mfereji wa maji, unapanuka huku tunauona. Kijana alihesabu watu, akarudi tena kumchukua mzee mmoja na mjukuu wake waliobaki nyuma ya mwamba. Hakufoka wala hakumtoza mtu faini. Aliwasindikiza tu, akimshika mzee mkono.

Kijana huyo ni mwokoaji wa ufukweni. Shirika lake linaitwa RNLI, yaani Shirika la Kifalme la Kitaifa la Boti za Uokoaji, ni la hisani, lilianzishwa London mwaka 1824, na kwa miaka hii 200 limeokoa zaidi ya watu 140,000. Fedha zake nyingi zinatokana na michango ya watu wa kawaida na wosia wa marehemu; halmashauri za maeneo nazo huchangia gharama za waokoaji wa fukwe. Kila asubuhi hupanga bendera mbili mchangani, nyekundu juu na njano chini. Kati ya bendera hizo ndipo pa kuogelea, na hapo macho yao hayabanduki. Mkondo ukibadilika, bendera zinahamishwa. Bendera nyekundu tupu ikipandishwa, hakuna kuingia majini. Upepo ukivuma kutoka bara kwenda baharini, ule wazee wetu wanaouita umande, wanatundika mfuko wa rangi ya chungwa, na hapo hakuna ruhusa ya kuingia na maboya ya kupuliza, maana mtoto aliyekalia boya huchukuliwa kabla mama hajamaliza kumwita.

Nilimwuliza binti mmoja wa zamu wanapataje kazi hii. Akaniambia kuna mtihani: kuogelea mita 400 kwa muda usiozidi dakika saba na nusu, kukimbia mita 200 mchangani ndani ya sekunde 40, na mafunzo ya huduma ya kwanza pamoja na kumrudishia mtu pumzi. Wengi wao ni vijana wa vyuo, wanafanya kazi hii kiangazi na kulipwa mshahara wa msimu.

Kazi yao nyingine niliishuhudia kwa mwanangu wa mwisho. Alikuwa anacheza maji ya magotini, akapiga ukelele nikajua si wa mchezo. Kumbe amekanyaga samaki mdogo mwenye miba ya sumu mgongoni, ambaye hujifukia mchangani akabaki macho tu. Baba yake akambeba hadi kwenye kibanda cha waokoaji. Hapakuwa na foleni wala fomu. Binti yule yule alishatoa ndoo, akamimina maji ya moto, akachanganya kidogo na ya baridi, akatumbukiza kiwiko chake kwanza kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, ndipo akamwambia mwanangu aingize mguu taratibu. Kila maji yalipoanza kupoa aliongeza. Sumu ya samaki huyo huvunjwa na joto, kwa hiyo dawa ni hiyo tu, maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa angalau nusu saa. Mimi ni muuguzi na nilikaa pembeni nikitazama mikono yake. Hakuharakisha. Alikuwa akimwuliza mtoto habari za shule, na kila baada ya muda anainua macho kutazama bahari, ingawa mwenzake alikuwa zamu. Mtoto aliponyamaza kulia alipewa kalamu, akaandika jina lake kwenye daftari la matukio.

Jioni moja tulikuwa bandarini na pakiti za samaki na chipsi, shakwe wakituzengea, watoto wakivua kaa. Huo ni mchezo mkubwa wa watoto katika miji ile: kamba, kifuko cha wavu, chambo, ndoo. Wengi hutumia nyama ya nguruwe kwa chambo. Sisi tulimwomba muuza samaki vichwa vya samaki, akatupa bure. Kaa wanahesabiwa, kisha wanarudishwa majini, jambo ambalo Mama alilivumilia kwa shida sana. Mara tukaona mwanamume mmoja anatoka mbio dukani akiwa na aproni, na mwingine anaacha baiskeli yake ukutani, wote wanapanda kuelekea kilima cha ngome. Baada ya dakika chache milango ya banda la boti ya uokoaji ikafunguka, boti kubwa ikateleza kwenye njia yake na kuingia baharini kwa kishindo. Watu wa bandarini wakasimama. Tenby imekuwa na boti ya uokoaji tangu mwaka 1852, na mabaharia wake karibu wote ni wa kujitolea: mwenye duka, fundi bomba, mwalimu. Kila mmoja ana kifaa kidogo kiunoni. Kikilia anaacha alichoshika. Anayeokolewa halipi hata senti.

(Nitaje pia, kwa ajili ya walimu wanaosoma gazeti hili, kwamba katika kanisa la St Mary's mjini humo kuna kumbukumbu ya Robert Recorde, mzaliwa wa Tenby, mtu aliyeileta alama ya "ni sawa na" (=) katika kitabu chake cha mwaka 1557. Mwanangu wa katikati, anayependa hesabu, alisimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya duka la aiskrimu.)

Sasa nirudi nyumbani, Mhariri.

Nilipokuwa na miaka tisa, Idd pili, watoto wa mtaani kwetu tulikwenda ufukweni Raskazone na nguo zetu mpya. Wavulana waliingia majini. Sisi wasichana tulikaa kwenye majani, hakuna aliyetufundisha kuogelea na hakuna aliyetegemea tujue. Mvulana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu hakurudi. Wavuvi walimleta jioni, amefungwa kwa tanga la ngalawa. Mama yake alikuwa amempa pesa ya soda. Hakuna gazeti lililoandika, na silaumu gazeti, kwa sababu mtoto mmoja mmoja haandikwi. Meli zinaandikwa: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012, na MV Nyerere mwaka 2018 ambapo watu 228 walipoteza maisha karibu kabisa na gati la Ukara. Nchi inaomboleza, tume zinaundwa. Lakini watoto wanaokufa maji mmoja Idd hii, wawili Krismasi ile, hawana tume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na zaidi ya tisa kati ya kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani sisi.

Jibu letu la kila mwaka ni tangazo. Sikukuu ikikaribia, wazazi wanaonywa wasiwaachie watoto kwenda ufukweni peke yao, na mahali pengine watoto wanafukuzwa kabisa. Nawaelewa wanaotoa matangazo hayo. Wao ndio huitwa kubeba maiti. Lakini mtoto wa Tanga, wa Temeke au wa Likoni ataacha vipi kwenda baharini siku ya sikukuu? Hana pa kwenda kwingine kusikokuwa na kiingilio. Bahari ndiyo bustani yake. Ukimfukuza penye watu atakwenda pasipo na watu, na huko ndiko hatari ilipo.

Najua nitaambiwa Wales ni nchi tajiri na huwezi kulinganisha. Ni kweli, boti ile kubwa hatuwezi kuinunua kesho. Ila jamani, tuangalie kilichomtoa yule mzee na mjukuu wake kisiwani: filimbi, fulana ya rangi inayoonekana, na kijana anayezijua saa za maji. Kilichotibu mguu wa mwanangu ni ndoo na maji ya moto. Bendera mbili ni kitambaa. Na vijana wanaoijua bahari sisi tunao wengi kuliko wao. Katika mialo mingi ya pwani yetu kuna kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, chenye wavuvi wanaojua mkondo unapita wapi mwezi mchanga na unapita wapi mwezi mpevu. Halmashauri ikiwalipa vijana sita wa BMU posho ya siku nne za sikukuu, ikawapa mafunzo ya huduma ya kwanza kupitia hospitali ya wilaya, ufuko wa Raskazone au Coco Beach utakuwa na walinzi Idd ijayo. Wauguzi wenzangu mlioko hospitali ya Bombo, Tanga, najua mnaweza kuyafundisha hayo kwa siku mbili.

Jambo la pili ni kuogelea kwenyewe. Shule za msingi za Uingereza zinatakiwa kuhakikisha mtoto anamaliza darasa la sita akiweza kuogelea mita 25 na kujiokoa. Wanangu wote wamepita hapo. Mimi nimejifunza nikiwa mtu mzima, katika bwawa la manispaa, saa za wanawake peke yao, nimevaa vazi la kufunika mwili wote. Wapo watakaosema mambo hayo si ya watoto wa kike wa pwani. Waende Nungwi, Unguja, wakaulize. Mradi wa Panje umefundisha wasichana wa kule kuogelea katika bahari yao wenyewe, wakiwa wamesitirika, wakifundishwa na wanawake wenzao. RNLI hiyo hiyo ya Tenby imewahi kushirikiana nao. Kwa hiyo jambo hili limeshafanyika kwetu, kwa Kiswahili, na wazazi Waislamu wakaridhia. Linalobaki ni kulivusha kutoka kijiji kimoja kwenda pwani nzima.

Na somo la kwanza wanalofundisha si hata kupiga mikono. Ni kuelea. Nalieleza hapa ili msomaji amfundishe mwanawe leo. Ukianguka majini au ukachukuliwa na mkondo, usipigane na maji. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, uso ubaki juu, legeza mwili, chezesha mikono na miguu taratibu ikusaidie kubaki juu. Subiri pumzi itulie. Ndipo upige kelele au uinue mkono, au uogelee ukiweza, kwa kukata mkondo kuelekea pembeni, si kushindana nao kurudi pale pale ulipotokea. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na walisema kweli, kwa sababu kutapatapa ndiko kunakomaliza nguvu. Watoto wa Tenby wanafundishwa kutotapatapa. Mkondo wa Tanga haumvuti mtu tofauti na mkondo wa Wales.

Anayemwona mwenzake anazama naye asijirushe ovyo. Mara nyingi tunazika wawili, aliyezama na nduguye aliyemfuata. Tupa kitu kinachoelea: dumu tupu lililofungwa kizibo, boya la nyavu, ubao, kamba. Madumu tunayo kila nyumba.

Siku yetu ya mwisho kule, Mama alikaa kwenye ngazi za mawe juu ya ufuko, kikombe cha chai mkononi, akiwatazama wajukuu zake wakiogelea kati ya zile bendera. Maji yalikuwa ya baridi, nyuzi 16 hivi, watoto wamevaa nguo nzito za mpira na bado midomo imegeuka rangi. Akaniambia, "Watoto wa wenzetu wana Mungu na wana mtu wa kuwatazama. Nyinyi tuliwaachia Mungu peke yake." Nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mvulana yule wa Idd pili alikuwa mtoto wa rafiki yake.

Mwisho Mhariri, nina ombi kwako wewe na chumba chako cha habari. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji duniani. Siku hiyo ikifika, tumeni mwandishi Raskazone, Coco Beach na Nungwi, si ofisini kwa mkubwa. Na kila siku, pale mnapochapa hali ya hewa, ongezeni mstari mmoja wa saa za maji kujaa na kupwa kwa Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, Mtwara na Mombasa, mkionyesha siku za bamvua. Jedwali hizo mamlaka za bandari wanazo. Mzazi wa bara aliyempeleka mwanawe pwani kwa sikukuu hana baba mvuvi wa kumwuliza. Ana gazeti lako.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Chumbageni, Tanga
Birmingham, Uingereza